Jagi la Mtumishi

Vijana wanaotumwa kuhubiri nchi za mbali hupewa karatasi kabla ya safari. Germain alikuwa na ya kwake, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, na siku aliyofika Likasi, mwezi wa saba mwaka 1995, alimsomea Albertine jikoni kama karani anayesoma hukumu. Maji yachemshwe. Chandarua kila usiku. Viatu miguuni hata uani. Matunda yamenywe kwanza. Nyama asiile mpaka ameiona ikitokota. Albertine, ambaye alikuwa amewapikia wageni kwa miaka kumi na saba, alisikiliza hadi mwisho akiwa na mwiko mkononi. Kisha akauliza kama karatasi imesema lolote kuhusu miiba ya samaki, maana mgeni aliyetangulia nusura miiba immalize. Germain akaigeuza karatasi upande wa pili kutazama. Hapo hapo Albertine akaanza kumpenda.

Germain alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa fundi cherehani wa Cotonou, huko Benin, na kanisa lake lilikuwa limemtuma Zaire kwa miaka miwili. Alikaa mtaa wa Panda, katika nyumba ya kanisa la mchungaji, Pasteur Kabamba, pamoja na Samy, mwinjilisti kijana kutoka Kolwezi. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni, kwa hiyo kilikuwa safi mno kwa Likasi. Akisema "naomba unipatie chumvi tafadhali," Samy alicheka mpaka akashika ukuta. Waumini nao walikuwa na mawazo yao. Wazungu waliopita pale walilindwa kama mayai, lakini huyu ni mweusi kama sisi, malaria anaijua tangu tumboni mwa mama yake, ana haja gani ya kubembelezwa? Walisahau kwamba mtu akihama nchi, hata mbu wa huko hawamjui.

Albertine hakusahau. Yeye alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri, na Pasteur Kabamba alimchukua kwa sababu jiko lake lilikuwa safi. Hakuna aliyeuliza mwiko wake ni wa dini gani. Karatasi ya Germain aliishika yote kichwani. Alichemsha maji mpaka Samy akalalamika kwamba makaa yanaisha. Kwa miezi mitatu Germain hakuumwa hata jino, na Albertine akawa anatembea sokoni kifua mbele.

Mwisho wa mwezi wa tisa kanisa likataka kumpa mgeni zawadi. Zawadi gani, katika mji ambao karakana zilikuwa zimefungwa na watu wanauza milango ya nyumba zao? Kitu kimoja tu kilikuwa hakijakosekana Likasi, nacho ni shaba, mukuba kama wanavyoiita wenyewe. Albertine akasema mumewe atafanya kitu. Na bwana yake, Stanislas, alikuwa mtu wa kufanya kitu kweli. Kwa miaka ishirini na miwili alifua mabamba katika karakana ya kampuni ya migodi, na tangu kazi isimame alikuwa akishinda barazani na nyundo yake, akitengeneza sinia, visahani vya majivu na ramani za Zaire za kutundika ukutani. Rafiki yake wa Kambove akampatia bamba la shaba. Siku tisa majirani walisikia nyundo. Siku ya kumi likatoka jagi lenye tumbo la duara, shingo nyembamba na mdomo uliopinda vizuri, na tumboni amechorwa njiwa wa Roho Mtakatifu. Njiwa alikuwa amenona kama kuku, lakini jagi liling'aa kiasi kwamba mtu aliweza kujichungulia meno.

Stanislas hakwenda kulitoa mwenyewe. Aliwahi kuingia katika kanisa lile mara moja, akatoka masikio yakimlia, akaapa hatarudi, kwa kuwa Mungu wake yeye si kiziwi. Jagi lilibebwa na Albertine. Kwa hiyo Stanislas hakumwona Germain akilipokea kwa mikono miwili na kulia mbele ya watu, wala hakumsikia akisema kwamba tangu siku ile hatakunywa maji kutoka chombo kingine. Na Albertine hakumweleza. Alisema tu, "Balifurahi," akaenda kusonga bukari, ugali wa huko. Alikuwa na sheria yake ya kazi: mambo ya nyumba ya watu hayavuki mlango wa nyumba ya watu. Sheria hiyo ilikuwa imemlinda miaka yote kumi na saba.

Asubuhi iliyofuata alimimina maji ya jagi kikombeni, akagusisha midomo yake kwanza, ndipo akanyoosha mkono kumkabidhi Germain. Mama yake alimfundisha hivyo. Anayempa mgeni maji huonja yeye mbele, ili mgeni ajue hapewi kitu kibaya. Lakini Maman Orpa, mke wa mchungaji, alikuwa amekaa pale mezani.

"Hapana, Maman Albertine," akasema. "Ile ni chombo ya mutumishi wa Mungu. Hakuna mutu atatia kinywa yake mule."

"Ni kuonja tu, Maman. Njo desturi yetu."

"Desturi ya mu kijiji. Huku tuko na damu ya Yesu."

Albertine akameza maneno yake. Kazi zilikuwa haziokotwi Panda siku zile, na mke wa mchungaji ni mke wa mchungaji. Tangu asubuhi ile maji ya jagi hayakuonjwa na mtu mwingine yeyote.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi, joto likiwa limekaza na mvua bado kunyesha, kanisa likaingia katika mfungo wa siku ishirini na moja wa kuombea nchi. Watu walikula mara moja tu, jua likishazama. Samy alifunga kavu, bila tone la maji, na alihakikisha kila mtu anajua kwamba amefunga kavu. Germain aliruhusiwa maji ya ndimu, kwa heshima ya karatasi yake. Binamu yake Albertine alikuwa akileta ndimu kutoka Koni, kikapu kizima, na kila jioni Albertine alikamua ndimu nane jagini, akaongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, akafunika kwa kitambaa cheupe alichokitia shanga pembeni. Umeme ulikuja siku ukipenda, friji ilikuwa imegeuka kabati la viatu, na maji yakilala ndani ya shaba yalikuwa na ubaridi mtamu. Kesho yake Germain aliyanywa mchana kutwa, akisoma na kuomba, mpaka jagi likakauka.

Siku ya nne ya mfungo akatapika. Siku ya tano tumbo likamkata mpaka akawa anatembea ameinama. Siku ya sita Samy akamwita Fidélie, muuguzi wa zahanati ya mtaani, mwanamke mwembamba aliyekuwa akifanya kazi kwa mikono na macho tu tangu darubini ya zahanati iharibike. Alimgusa shingo, akamfunua kope, akamwuliza kama kichwa kinauma. Kilikuwa kinauma.

"Malaria," akasema. "Na ule mufungo unamumaliza nguvu. Aache kufunga, anywe kwinini."

Mfungo ukakatizwa kwa Germain peke yake, na kijana akaona haya kana kwamba ameiba. Siku mbili baadaye, Albertine alipokuwa akimpa kikombe, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mama Albertine, maji haya yana ladha ya msumari." Albertine akapeleka maneno hayo kwa Fidélie.

"Ni kwinini ile, inaharibisha kinywa," Fidélie akasema. "Mumupatie mayi mingi. Tia mo sukari na chumvi kidogo, na ndimu mingi juu asitapike."

Basi Albertine akafanya kama alivyoambiwa. Badala ya ndimu nane akakamua kumi na mbili. Kila saa alimwinua kichwa Germain na kumnywesha, kidogo kidogo, akimbembeleza, na kila alipotapika alimpa tena. Kama Panda mwaka ule kuna kosa lililofanywa kwa upendo kushinda hilo, bado halijasimuliwa.

Siku ya tisa macho yake yakawa ya manjano, na mkojo ukatoka mweusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Wakamhamishia kitanda cha zahanati, na jagi likaenda naye, maana alikuwa hataki maji ya chombo kingine. Fidélie akaongeza kwinini, safari hii ya mshipa. Kanisani maneno yakaanza. Wengine walisema amefuatwa na mizimu ya kwao Benin, wengine kwamba kuna mtu humu humu Panda anayemwonea kijicho. Pasteur Kabamba akaja na wazee, wakaweka mikono juu ya mgonjwa, kisha wakaweka mikono juu ya jagi, wakaomba kwamba kila tone litakalotoka humo limrudishie uhai. Albertine alisimama mlangoni na kuitikia amina pamoja nao. Alikuwa na hofu. Alikuwa amewahi kuona sura za watu wanaoondoka, na ya Germain ilikuwa imeanza kufanana nazo.

Jumamosi, siku ya kumi na moja, alimkuta amelala usingizi mzito, midomo imekauka. Jagi lilikuwa na maji ya jana nusu. Akalibeba kurudi nalo jikoni ili alisafishe, maana kila Jumamosi alikuwa akilisugua, na tangu ugonjwa uanze hakupata nafasi. Nje lilikuwa limefifia, likawa la rangi ya kahawia, na njiwa wa Stanislas akaonekana kama aliyebanikwa. Albertine akakata ndimu, akachovya nusu yake katika majivu, akaanza kusugua. Kila mwanamke wa Likasi anajua kwamba hakuna kinachong'arisha mukuba kama ndimu. Uchafu ukatoka, njiwa akarudi, na ile nusu ya ndimu mkononi mwake ikawa ya kijani. Akamwaga maji ya jana kwenye beseni jeupe, akainamisha jagi kuelekea dirishani ili aone kama ndani pia panahitaji kusuguliwa.

Ndani palikuwa panang'aa kama siku lilipotoka barazani kwa Stanislas.

Albertine akasimama na jagi mkononi. Nje lilikuwa limechakaa, na ndani halikuchakaa. Ndani hakuna aliyepasugua. Mkono wake hauingii katika shingo ile, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Ni ndimu peke yake iliyokuwa ikiingia humo, kila jioni, na kulala humo usiku kucha. Akatazama ndimu ya kijani mkononi, akatazama beseni. Kwenye weupe wa beseni maji yalikuwa na rangi ya majani mabichi, hafifu, ya kukaribia kutoonekana. Akachovya kidole, akakilamba. Ulimi ukajikunja kama aliyelamba ufunguo wa zamani. Akatema, akasukutua, akatema tena.

Hakukawia. Alilifunga jagi, cruche kama wanavyoliita Likasi, ndani ya kitenge, akavuka mtaa hadi kwake. Stanislas alikuwa barazani akichora tembo kwenye sinia.

"Bwana, hii cruche ulitia nini ndani?"

"Ndani? Hakuna kitu. Mukuba tu."

"Na zile nyungu mulikuwa munafanya ku kampuni, za jikoni, ndani zilikuwa nyeupe."

"Ile ni étain. Bati. Unayeyusha, unapaka ndani." Stanislas akacheka kidogo. "Étain ya wapi leo? Na hii ni ya kutazama, ya kuweka juu ya kabati. Haina kazi ya étain."

Albertine akafungua kitenge. "Anakunywa mo," akasema. "Kila siku. Na ndimu. Minye njo nakamulaka."

Stanislas aliiweka nyundo chini polepole, kando ya sinia, na kuifuta mikono yake kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mtu mweusi sana, lakini uso wake ulibadilika rangi. Akauliza ni siku ngapi. Albertine akamwambia. Akauliza macho yakoje, na mkojo. Albertine akamwambia.

"Sikiliza," Stanislas akasema kwa sauti ya chini. "Ile cruche ifiche. Sema baliiba. Kuanzia leo atakunywa mayi ya kikombe, ataanza kupona, na hakuna mutu atajua kitu. Ukisema, bataita minye mulozi. Na weye batakuita mbele yangu, juu weye njo unapikaka."

Maneno yake yalikuwa na akili, na Albertine aliyapima. Aliwaona wanawake wa kanisa wakimwita mchawi njiani, akaona mlango wa kazi ukifungwa, akaona watu wakivuka barabara ili wasisalimiane naye. Alitamani sana kulitupa jagi lile kisimani na kunyamaza. Katika kunyamaza yeye alikuwa fundi.

"Na kwinini?" akauliza.

"Nini, kwinini?"

"Fidélie anangojea saa sita amutie ingine ya mushipa, na ile itamumaliza. Beko banatafuta malaria yenye haiko. Nikificha cruche, kwinini nitaificha wapi?"

Stanislas akaangalia tembo wake, ambaye hajammaliza masikio. Albertine akalifunga tena jagi ndani ya kitenge na kuondoka peke yake, na mumewe hakumzuia wala hakumfuata. Jambo hilo lilimchoma Albertine njia nzima.

Zahanatini aliwakuta wote: Pasteur Kabamba na Maman Orpa upande mmoja wa kitanda, Samy kwenye miguu ya mgonjwa, na Fidélie akitundika chupa. Albertine alipiga moyo konde, akaweka jagi juu ya meza.

"Fidélie, usitie ile dawa, nakulomba. Haiko malaria. Ni hii cruche. Ndani haina étain, na ndimu inakula mukuba. Tangu mufungo ulianza, frère Germain anakunywa mukuba."

Fidélie alibaki ameshika mrija hewani.

"Na ndimu nani alikuwa anatia?" Maman Orpa akauliza.

"Ni minye, Maman."

"Na cruche nani alifanya?"

"Ni bwana yangu."

"Njo mulitaka kumuua mutoto wa batu."

"Orpa," mchungaji akamkatiza mkewe. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa mgumu kuuvunja kuliko ukali wa wengine. "Maman Albertine, unachoka, tunakuelewa. Lakini mukuba? Batu ya huku banazaliwa mu vumbi ya mukuba, banazeeka nayo. Hii ni vita ya roho. Fidélie, endelea na kazi yako."

Fidélie akamtazama mchungaji, akamtazama Albertine, na mrija bado uko hewani. Alikuwa muuguzi asiye na darubini. Kwa upande mmoja alikuwa na ugonjwa anaoujua, kwa upande mwingine mpishi na jagi. Albertine aliona mkono wa Fidélie ukianza kushuka kuelekea mshipa wa Germain.

Hapo mlango ukafunguliwa. Stanislas alikuwa amevaa ovaroli ya kampuni, ile ya buluu ambayo Albertine hakuiona mwilini mwake tangu karakana ifungwe, na jasho lilikuwa likimtoka kwa kutembea haraka. Akavua kofia.

"Bonjour kwenu bote. Minye ni Stanislas, chaudronnier, mufundi wa mukuba, miaka makumi mbili na mbili ku atelier ya kampuni. Hii cruche ni kazi ya mikono yangu." Akameza mate. "Ku atelier, chombo ya mukuba ya kula ao ya kunywa haitoke bila étain ndani. Ukitia mo kitu ya ukali, ndimu ao vinaigre, inatoa sumu. Hii balitufundisha siku ya kwanza. Minye nilijua. Étain haikuwa, nikawaza ni ya kutazama tu, sikuuliza, sikusema. Kosa ni ya minye. Bibi yangu hakujua kitu."

Fidélie akaufunga mrija. "Papa Pasteur," akasema, "tunahitaji gari ya kufika ku hospitali. Sasa hivi." Pasteur Kabamba akalitazama jagi aliloliombea, kisha akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni. Albertine alimtazama mumewe katika ovaroli yake iliyofifia, na kwa maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumwonea fahari namna ile, wala kumwogopea namna ile.

Kwenye hospitali ya mjini, Daktari Numbi alimsikiliza Stanislas bila kumkatiza. Akamimina mabaki ya jagi kwenye glasi, akaiinua dirishani, akasema jambo hili alilisoma zamani, kuliona hajaliona. Kwinini ikasimamishwa. Samy akatoa damu, na kwa mara ya kwanza hakumtangazia mtu. Dawa yenyewe ya kutoa shaba mwilini haikuwepo Likasi, na pengine nchi nzima haikuwepo. "Tumpe maji safi na tungoje," daktari akasema. "Figo zikikubali kuamka, atabaki hai."

Siku tano figo hazikuamka. Albertine alikwenda kila siku na kukaa kwenye benchi la nje, kwa sababu wanawake wa kanisa walikuwa zamu ndani na walikuwa wamemwambia asisogee kitandani. Chupa ya maji aliyochemsha aliirudisha nyumbani ilivyo. Sokoni muuza mboga za lengalenga alimhudumia bila kumtazama. Stanislas aliacha kufua sinia. Alikaa barazani mikono ikiwa juu ya magoti. Siku ya sita Fidélie, aliyekuwa amepita kumtazama mgonjwa wake, akatoka nje, akakaa kwenye benchi kando ya Albertine na kusema kwamba Germain amekojoa nusu chupa. Wanawake wawili wazima wakalia kwa furaha juu ya nusu chupa ya mkojo.

Alipoanza kuongea vizuri, Germain aliomba aitiwe Mama Albertine, na hakuna aliyethubutu kukataa. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Mama, mimi nilijua maji yale si mazuri," akamwambia.

"Ulijua namna gani?"

"Siku ya pili ya mfungo, kabla ya kwinini. Yalikuwa na ladha ya msumari tangu siku hiyo. Nikafikiri, hawa watu wamenipa chombo kizuri kuliko vyote walivyo navyo. Nitasemaje kwamba maji yake ni mabaya? Nikanyamaza."

Albertine akamtandika shuka vizuri miguuni. "Na minye nilitaka kuonja, balinikataza, nikanyamaza," akasema. "Twote wawili tuko bajinga, mwanangu." Germain akacheka, na kicheko kikamuumiza mbavu.

Kanisa lake la Cotonou liliamua arudi kwao kabla ya wakati, kwa sababu figo zake zilikuwa zimeamka nusu tu. Aliondoka mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, pikapu ya mchungaji ikimngoja mbele ya nyumba impeleke Lubumbashi kwenye ndege. Stanislas alikuja na kifurushi. Ndani yake kulikuwa na jagi, limesuguliwa mpaka njiwa anang'aa, na chini, katika kitako, alikuwa amelitoboa matundu matatu, kila moja la kupita kidole.

"Sasa ni ya kutazama," akasema. "Hakuna mutu atatia mo mayi tena." Germain akalipokea kwa mikono miwili kama mara ya kwanza.

Albertine akatoka jikoni na maji katika kikombe cha plastiki cha kijani, maji ya kuchemshwa, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na jua lilishaanza kukaza. Germain akakipokea. Kabla ya kukiinua, akatazama ndani yake. Ilikuwa sekunde moja tu, macho yake yalikwenda yenyewe, na alipogundua anachofanya akaona aibu sana. Lakini Albertine alikuwa ameona, na ikamuuma kuliko neno lolote alilotupiwa sokoni.

Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe kutoka kwake. Maman Orpa alikuwa amesimama hatua mbili tu, na waumini nyuma yake. Albertine akainua kikombe mbele yao wote, akanywa funda moja kubwa, akalimeza, akangoja. Kisha akamrudishia.

Maman Orpa akatazama chini. Germain akanywa yote mpaka tone la mwisho, akafuta midomo, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili, akapanda gari. Pikapu ilipokata kona ya karakana zilizofungwa, Stanislas akavaa kofia yake, na Albertine akaenda jikoni kuosha kikombe.